Hisa za Hariri ya Buibui Alizoniachia Mume Wangu

Mume wangu alifariki Januari 2020 kijijini kwao, wilaya ya Korogwe, alikokwenda kumjulia hali mama yake. Aliniachia watoto wawili, nyumba yenye mikopo miwili katika kitongoji cha Minneapolis, na akaunti ya hisa ambayo ndani yake mlikuwa na kampuni moja tu. Kampuni hiyo ni miongoni mwa zile zinazoshindana kutengeneza hariri ya buibui bila ya buibui. Jina lake nitaliacha, kwa sababu ushuhuda wangu hauhusu kesi na mtu. Unahusu namna tulivyopita, mimi na wanangu, katika mwaka ambao nilidhani hatutapita.

Wapo walioniuliza, tena matangani, mtu mzima mwenye akili zake anawezaje kuweka akiba ya maisha kwenye utando wa buibui. Waliouliza hivyo hawakumjua baba mkwe wangu.

Baba mkwe alikuwa mkata mkonge. Zao hilo liliingia Tanganyika mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka kwenye hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe hadi Morogoro, na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikitoa tani zipatazo 230,000 kwa mwaka, ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Halafu zikaja kamba za plastiki. Wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifungia marobota ya majani kwa kamba za mkonge wakahamia huko, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yetu yalikuwa chini ya sehemu ya kumi ya yale ya 1964. Yapo na mengine yaliyochangia, ya siasa na ya uendeshaji, lakini mtoto wa mkata mkonge alichokiona ni korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kunyamaza na baba kurudi nyumbani asubuhi badala ya jioni.

Mume wangu alikua na jambo hilo kifuani. Alipofika Marekani, akapata kazi kwenye ghala, akaanza kusoma habari za viwanda, alitafuta kitu kimoja: uzi utakaofuata baada ya plastiki. Aliniambia mara nyingi kwamba uzi mpya ukiingia duniani, wapo wanaotajirika na wapo wanaofukuzwa kazi, na kwamba wanawe hawatakuwa upande wa baba yake. Kwa hiyo mtu akisema alidanganywa na maneno ya intaneti, namkatalia. Alikuwa na sababu, tena sababu yenye heshima.

Na sayansi aliyoiamini ni ya kweli. Tukiwa Korogwe, siku chache baada ya maziko, buibui mmoja jike, wale wakubwa wenye miguu ya mistari ambao utando wao hung'aa manjano kwenye jua, alikuwa ametanda kati ya mpapai na kamba ya kuanikia nguo. Kijana wangu aliusukuma uzi mmoja kwa ncha ya kidole. Ukavutika, ukavutika, tukaona majani ya chini ya mpapai yanatikisika, uzi haukukatika. Alipoachia ulirudi mahali pake taratibu, bila ya kurukaruka. Baba yake alikuwa amemweleza mara nyingi: kwa uzito ulio sawa uzi huo unazidi chuma, ile Kevlar ya fulana za kuzuia risasi inaushinda kwa nguvu ya kuvuta, lakini uzi wa buibui hunyooka karibu theluthi ya urefu wake na humeza nishati takriban mara tatu zaidi kabla ya kukatika. Jamaa zao walioko Madagascar ndio waliotoa hariri ya joho la rangi ya dhahabu lililotengenezwa na Simon Peers na Nicholas Godley na kuonyeshwa London mwaka 2012. Zilihitajika nyuzi za buibui wapatao milioni 1.2 kwa vazi moja, kila mmoja akikamatwa, akikamuliwa kwa mkono, kisha akirudishwa porini.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Nondo wa hariri unaweza kuwafuga kwa maelfu kwenye trei za majani ya mforsadi. Buibui ukiwaweka pamoja wanalana. Ndiyo maana tangu mwaka 1990, Randy Lewis na mwenzake Ming Xu wa Chuo Kikuu cha Wyoming walipochapisha sehemu ya jeni ya uzi huo, watu wamekuwa wakitafuta kiumbe mwingine wa kuutoa. Kampuni ya Nexia ya Montreal ilitia jeni hiyo kwenye mbuzi, ili protini ipatikane katika maziwa, na hisa zake zikaingia sokoni mwaka 2000. Mbuzi walizaliwa, maziwa yakawa na protini, magazeti yakaandika, lakini uzi wa kuuza dukani haukuja, na kampuni ikaishia hapo. Wajerumani wa AMSilk wanatumia bakteria. Mwaka 2016 Adidas walionyesha kiatu kilichofumwa kwa nyuzi zao. Bolt Threads wa California walitumia hamira, wakatoa tai 50 mwaka 2017, kila moja dola 314. Spiber wa Tsuruoka, Japani, walionyesha koti la North Face mwaka 2015, na ikawachukua hadi 2019 kuuza makoti 50 kwa yeni 150,000 kila moja, kwa kuwa hariri ya buibui ikilowa maji hujikunyata, na koti la baridi haliwezi kujikunyata mvua ikinyesha. Ilibidi waibadili protini yenyewe.

Hayo yote yalikuwa kwenye faili lake la bluu, yamechapwa na kutobolewa matundu. Nilikuwa nikilipangusa vumbi miaka nenda rudi bila ya kulifungua.

Nililifungua Machi 2020. Nilikuwa nimerudi kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Korona ilikuwa imeingia Minnesota. Sitayaeleza mengi ya humo. Wazee wengi niliowalisha kwa mkono wangu hawakuuona mwaka 2021. Nilikuwa nikitoka zamu ya usiku, navua nguo gereji, naoga, halafu nakaa mezani na faili wakati watoto wamelala, kwa sababu mkopo wa pili wa nyumba ulikuwa unadai. Tuliusaini sote wawili. Sehemu yake ilikwenda kwenye paa, iliyobaki ilikwenda kwenye hisa. Kwa jumla alikuwa ametia kama dola 61,000. Siku aliyofariki thamani ilikuwa kama 19,000.

Na hizo 19,000 sikuweza kuzigusa. Akaunti ilikuwa kwa jina lake peke yake na mahali pa kuandika mnufaika palikuwa patupu. Minnesota ina njia nyepesi kwa mali isiyozidi dola 75,000: baada ya siku 30 tangu kifo, mrithi anapeleka hati ya kiapo pamoja na cheti cha kifo, bila ya kwenda mahakamani. Lakini mume wangu alifia Tanzania. Cheti kilitoka RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, kisha ilihitajika hati ya Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam inayothibitisha kifo cha raia wake, na dunia nzima ilikuwa imefunga ofisi. Ndege zilikuwa hazitembei. Shemeji yangu alipanda basi Korogwe hadi Dar es Salaam akafika mlango umefungwa, akarudi, akaenda tena. Huku nyuma masoko ya hisa yalianguka Machi ile, na ingawa makampuni makubwa yaliinuka tena kabla ya mwisho wa mwaka, yetu haikuinuka nayo. Nilikuwa natazama bei kila asubuhi, naona chakula cha watoto kinapungua, na sina kitufe cha kubonyeza.

Nikasoma. Naomba niseme hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndilo lililonirudishia akili. Kila kampuni ya Marekani iliyouza hisa kwa umma hupeleka ripoti ya mwaka kwa tume ya serikali inayosimamia masoko ya mitaji, na mtu yeyote anaweza kuisoma bure. Mume wangu alikuwa amechapa za miaka kadhaa. Pembeni alikuwa ameandika kwa penseli, kwa Kiswahili, kwa zile herufi zake zilizolala kulia. Kila palipoandikwa kwamba uzalishaji wa kibiashara unakaribia, aliandika neno moja: lini? Niliziweka ripoti zile sambamba mezani. Sentensi ilikuwa ile ile mwaka hadi mwaka, ila tarehe tu iliyosogea.

Kisha nikaenda kwenye kurasa ambazo hakuweka alama. Pale wakaguzi wa hesabu waliandika kwamba wana mashaka makubwa kama kampuni itaendelea kuwepo mwaka unaofuata. Mahali pengine palisema kampuni haina mapato ya mauzo, na kwamba mishahara na maabara vinalipwa kwa kutoa hisa mpya. Nikachukua kikokotoo. Idadi ya hisa za kampuni ilikuwa imeongezeka kila mwaka, maana yake sehemu yetu ya kampuni ilikuwa imepungua kila mwaka hata pale bei iliposimama. Haikuwa siri. Ilikuwa imeandikwa wazi, kwa lugha baridi ya wanasheria, katika karatasi zile zile alizozitoboa matundu kwa mkono wake. Yeye alisoma sehemu ya uzi. Sehemu ya fedha ilisomwa na mimi, na wakati huo hakuwepo wa kumwambia.

Siku ile nililia kwa mara ya kwanza tangu maziko. Nililia kwa hasira, nasema kweli yangu mbele za Mungu. Nilimkasirikia marehemu, halafu nikajichukia kwa kumkasirikia marehemu.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja wa ushirika wetu wa Kiswahili, mtu mzima kutoka Bukoba, aliyekuja kuniletea ndizi akanikuta na makaratasi. Alikaa. Hakuniambia ninyamaze, wala hakuniambia ni mapenzi ya Mungu. Aliniuliza: "Mwanangu, unadaiwa shilingi ngapi mwezi huu?" Mwezi huu, si jumla. Tukaandika. Mkopo wa kwanza, mkopo wa pili, umeme, gari, chakula, ada ya binti. Kina mama walikuwa na upatu wa kila mwezi na zamu yake ilikuwa imekaribia, akanipisha. Baadaye nilijua kwamba fedha zile alikuwa amezikusudia meno yake.

Akanisisitiza nipige simu benki kabla benki haijanipigia mimi. Nilipiga. Mwaka ule wa Korona mikopo mingi ya nyumba iliruhusiwa kusimamishwa malipo kwa muda, na huo wa kwanza ukasimamishwa. Ule wa pili haukusimamishwa, ila walikubali nilipe riba tu kwa miezi kadhaa. Chumba cha chini cha nyumba nikampangisha kijana wa Kikenya aliyekuwa akisomea uuguzi. Nikaongeza zamu za Jumapili. Kijana wangu, aliyekuwa kidato cha pili kwa hesabu za kwetu, alijifunza kupika maharage na kumvusha dadaye masomo ya kompyuta, na hakuna siku aliyonung'unika mbele yangu.

Maneno ya ndugu yalikuwa mzigo mwingine. Upande wa Korogwe ilienea kwamba marehemu alikuwa na mali Marekani na mimi nimeikalia. Wifi yangu alinipigia simu akalitaja shamba ambalo kaka yake aliahidi kulinunua. Sikubishana. Nilimtumia shemeji, yule aliyehangaika na vyeti, picha za taarifa ya akaunti, mwezi kwa mwezi, pamoja na za mikopo. Nikamwomba azisome mbele ya mama mkwe kwa sauti. Alizisoma. Mama mkwe, mjane wa mkata mkonge, aliomba simu akaniambia: "Pole mwanangu. Mimi nayajua mambo ya nyuzi." Tangu siku ile hakuna aliyenidai shamba.

Hati zilikamilika vuli ya mwaka ule ule. Niliuza hisa zote siku akaunti iliposoma jina langu, kwa kama dola 11,000, na zote zikaenda kwenye mkopo wa pili. Mtaalamu wa kodi alinieleza jambo ambalo kila mjane wa Marekani anapaswa kulijua: sheria inamchukulia mrithi kana kwamba alinunua hisa kwa bei ya siku ya kifo. Zikiwa zimepanda, ni neema, faida ya marehemu haitozwi kodi. Zikiwa zimeshuka, hasara ya marehemu inazikwa naye. Zile dola 42,000 alizopoteza mume wangu hazikunisaidia hata senti. Hasara yangu mimi ilihesabiwa kuwa 8,000, na kinachoruhusiwa kupunguzwa kwenye mapato ya kazi ni 3,000 kwa mwaka, kwa hiyo ilinichukua miaka mitatu kuimaliza kwenye fomu.

Mkopo wa pili tuliumaliza mwaka 2024. Nyumba tunayo. Kijana anasoma uhandisi chuo kikuu, binti yuko sekondari, na yule mama wa Bukoba alitengenezewa meno kwa upatu nilioupokea mimi na kumkabidhi.

Watu hutarajia nifurahi nikisikia kampuni za hariri ya buibui zinahangaika. Sifurahi. Sihitaji uzi ule ushindwe ili mimi nipone. Nafanya kazi ya kugusa miili iliyochoka, na nilisoma kwamba mwaka 2011 watafiti wa Hannover walitumia hariri ya buibui halisi kuunganisha mshipa wa fahamu wa kondoo uliokatwa sentimita sita, na mshipa ukaota upya kuifuata. Mwaka 2023 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Donghua, China, walitangaza kwamba viwavi wa hariri waliobadilishwa jeni wametoa uzi wa buibui mzima, mgumu kukatika mara sita kuliko Kevlar. Naamini siku moja mtu atashonwa kidonda kwa uzi huo katika hospitali ya kawaida, na nitamkumbuka mume wangu kwa heshima. Lakini uzi kuwa wa kweli ni jambo moja, na hisa yako kuwa na thamani siku mwanao anapohitaji ada ni jambo jingine kabisa. Nexia walikuwa na protini ya kweli. Katika mashindano haya atakayefika huenda ni kampuni ambayo leo hata haijaandikishwa, na waliotangulia watakuwa wamemlipia njia. Anayetaka kuingia aingie kwa fedha ambazo zikipotea zote, watoto wake watakula kesho, na deni la nyumba asiliingize humo kamwe.

Ndugu msomaji, kama una mume au mke mwenye akaunti yoyote, ya hisa, ya benki, ya pensheni, ya simu, iwe Minneapolis au Tanga, mwombe leo mkae mezani. Aandike akaunti ziko wapi, mna nini ndani, zinadaiwa nini. Ajaze jina la mnufaika kwenye kila moja, na wewe ujaze kwenye zako. Mume wangu angeijaza ile sehemu, ningeingia kwenye akaunti ile miezi mingi mapema.